Aliyetia Sahihi ya Sindano

Mlango ulimkataa.

Sindano aliigusisha kadi yake mara ya pili kwenye kile kisanduku cha ukutani. Taa nyekundu. Kwenye kioo kidogo yakatokea maneno ambayo hakuwahi kuyaona tangu aajiriwe.

CHETI KIMEFUTWA.

"Acha utani," akauambia mlango.

Mlango haukuwa na utani. Ulikuwa mlango wa nyuma wa Idara, ule wa chuma unaotazamana na mapipa ya taka, na siku zote ulimfungukia kabla hajamaliza kukohoa. Ndani ya kadi ile kulikuwa na cheti chake cha kidijitali, na pamoja nacho ufunguo wa siri wa kutilia sahihi ya kielektroniki ambayo kompyuta yoyote ya Idara huikubali bila swali. Kadi ikikataliwa, Sindano ni mwanamke tu aliyevaa koti la mvua, kasimama kando ya mapipa, mchana kweupe.

Akachomoa redio yake ya Motorola.

"Kituo, hapa Sindano. Mlango wa nyuma umenigomea. Nifungulieni."

Redio ikakoroma. Kisha mtu wa zamu akajibu, mtu aliyekula naye chakula cha mchana juzi tu, lakini sauti yake ilikuwa ngeni kabisa.

"Wewe nani?"

"Sindano. Hunijui sauti?"

"Sauti siku hizi zinatengenezwa. Sindano mwenyewe katia sahihi sasa hivi, amri ya kumhamisha mgeni wa nyumba ya friji. Kompyuta imeikubali. Wewe nani, na hiyo redio umeitoa wapi?"

Moyo ukampiga paa! Tangu asubuhi hakuwa ametia sahihi kitu chochote, hata risiti ya chai.

"Nisikilize. Hiyo amri si yangu. Izuieni."

"Baki hapo hapo ulipo."

Afadhali angemtukana. Sindano alizijua taratibu za Idara, maana nyingine alizitunga mwenyewe. Mtu akiambiwa abaki hapo hapo, ujue wenye bunduki wameshaanza kushuka ngazi.

Akakimbia.

Kuna watu wanasema majasusi hawaogopi. Waongo hao, msiwasikilize. Sindano alikuwa akiogopa hadi meno yanagongana. Alikuwa na Glock chini ya koti, lakini angempiga nani? Wale waliokuwa wakija nyuma yake ni wenzake, watu wenye watoto na mikopo ya viwanja, na wao walidhani wanafukuza jasusi wa maadui aliyeiba sura ya mwenzao.

"Simama!"

Hakusimama. Pikipiki yake, Yamaha nyeusi, ilikuwa nyuma ya duka la vioo. Akaipiga kiki. Risasi ya kwanza ikapita juu. Ya pili ikachukua kioo cha pembeni, vipande vikamrukia mkononi.

Akatokomea uchochoroni huku damu ikimchuruzika kwenye kidole, akilia. Ndiyo, akilia. Ndani ya helmeti nani atakuona?

Kabla hawajamkatia mawimbi, redio ilimletea maneno ya mwisho waliyokuwa wakisemezana wenyewe.

"Gari la kumchukua mgeni limeshatoka. Saa kumi litakuwa pale."

Ilikuwa imeshapita saa tisa.

Sasa, huyo mgeni aliyefichwa na Idara kwenye nyumba ya friji alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Ni mhasibu mpole, mwenye miwani mizito, mtu wa kupanda juu ya kiti akiona mende. Aliajiriwa na kampuni inayoingiza mitungi ya gesi, na siku moja akajiuliza kwa nini mitungi mitupu inapimwa mizito kuliko iliyojaa. Alipochungulia ghalani alikuta mitungi imekatwa matako, ndani zimepangwa bunduki. Hakulala siku hiyo. Alikwenda kwa Sindano, shati limelowa, na kumwambia kila kitu.

Kesho asubuhi alitakiwa kuyasema hayo mbele ya hakimu. Mwanzoni alikataa katakata. Sindano ndiye aliyembembeleza, jikoni kwa dada yake, dada mtu akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Shemeji, nakuapia. Hakuna mtu atakayekutoa kwenye hiyo nyumba bila sahihi yangu."

Shemeji akamwamini, akafungasha nguo zake. Na sasa kulikuwa na mtu njiani anakwenda kumtoa, na sahihi anayo.

Simu ikalia kwenye taa za barabarani. Dada.

"Mdogo wangu, umemwona shemeji yako leo? Roho yangu haijatulia."

"Mzima, dada."

"Amekula?"

"Amekula."

"Mbona unahema hivyo?"

"Niko barabarani, dada. Nitakupigia." Akakata. Taa ilikuwa bado nyekundu, lakini akapita. Dereva mmoja wa teksi akamtukana tusi refu lenye wazazi ndani yake.

Kwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya friji kusingesaidia. Walinzi wa pale walikuwa na amri moja, na aliyeitoa ni Sindano huyo huyo: sauti msiiamini, sura msiiamini, aminini sahihi peke yake. Aliwakaririsha mpaka wakaifanya wimbo. Ilibidi kwanza sahihi ile ya bandia iuawe, na mtu wa kuiua alikuwa mmoja.

Ofisi ya Mama Vyeti ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kutoa fotokopi. Huko ndiko vyeti vya kidijitali vya Idara nzima vilikozaliwa. Ofisi ilikuwa na kompyuta, kamera, mashine ya alama za vidole, na kiti kimoja cha chuma kisicho na mto. Utaratibu wa Mama Vyeti ulijulikana na haukuwa na mjomba: unataka kadi, unakuja mwenyewe, unakaa kwenye kile kiti, anakutazama machoni, na watu wawili wanaokujua wanasema mbele yake kwamba ndiye wewe. Hata Mkuu wa Idara alikaa pale, akalalamika kiti kinamuumiza, akaambiwa avumilie.

Sindano akaingia na helmeti mkononi. Mama Vyeti akainuka nusu, akashika kifua.

"Mwanangu! Si uko hospitali?"

"Nani kasema?"

"Barua ya Mkuu. Kwamba umeumia kazini, kadi yako imepotea, huwezi kuja hapa, nikutolee mpya haraka na ya zamani niifute." Sauti ikaanza kumtetemeka. "Nimeihakiki mwenyewe. Sahihi ya Mkuu ilikuwa halali kabisa, mwanangu. Nikasema potelea mbali, mara moja tu, nisimkalishe mgonjwa kwenye kiti..."

"Kadi mpya alikuja kuichukua nani?"

"Tabasamu."

Mama Vyeti akaketi taratibu.

Tabasamu alikuwa msaidizi wa Mkuu, mtu anayetabasamu hata msibani. Na kila mtu kwenye Idara alijua, kuanzia mfagizi, kwamba kadi ya Mkuu inakaa kwenye droo ya Tabasamu. Mkuu alikuwa na vita vyake na kompyuta. Barua ikija alikuwa akipaza sauti kutoka chumba cha pili: "Tabasamu, hebu nisainie hiyo!" Namba ya siri alimpa siku nyingi, tena mbele za watu. Lilikuwa jambo la kuchekesha wakati wa chai. Walicheka sana, na Sindano alikuwa wa kwanza.

"Nifutie hicho cheti kipya, Mama. Sasa hivi. Na cha Mkuu pia."

"Nikutolee kingine?"

"Mashahidi wawili uko nao?"

"Siko nao."

"Basi acha. Futa tu."

Mama Vyeti alikuwa ameshaanza. Vidole vyake vilipiga vibonye, vikakosea, vikarudia. Akaweka kadi yake, akaingiza namba ya siri, akagonga kibonye cha mwisho kwa kidole cha kati kama anaua mbu.

"Tayari. Viko kwenye orodha ya vilivyofutwa. Kompyuta yoyote ikiuliza sasa hivi, itaambiwa hiyo sahihi ni batili."

"Na tableti ya walinzi?"

"Nayo itaambiwa. Ilimradi iko hewani."

Hapo Mama Vyeti akafumba macho. Wote walimjua Bonge, mlinzi mkuu wa nyumba ya friji, na ugonjwa wa Bonge ulikuwa mpira. Tableti ya Idara aliizima data mchana kutwa ili bundle isiishe kabla ya mechi ya jioni. Ikizimwa data, tableti bado inahakiki sahihi, lakini kwa orodha iliyo tumboni mwake, orodha ya jana. Na kwenye orodha ya jana, hakuna cheti cha Sindano kilichofutwa.

Mama Vyeti akapiga simu ya Bonge. Iliita mpaka ikachoka. Walinzi wakiwa zamu simu zao hukaa kapuni. Hiyo nayo ilikuwa amri ya Sindano.

"Mtafute Mkuu," Sindano akasema akiwa mlangoni. "Mpigie mpaka apokee. Halafu uje, Mama. Beba mashine zako uje."

"Wewe unakwenda kufanya nini kule bila cheti? Watakupiga risasi!"

"Najua."

Akashuka ngazi mbili mbili. Alijua kweli.

Nyumba ya friji ilikuwa karakana ya kutengeneza mafriji, kwa mbele. Uani yalipangwa mafriji mabovu yasiyo na milango, na nyuma ya hayo kulikuwa na vyumba viwili ambavyo mteja hakuwahi kuviona. Sindano alizima Yamaha mbali kidogo na lango, akachungulia.

Land Cruiser ya kijivu ilikuwa tayari uani, injini inaunguruma.

Tabasamu alisimama kando yake, suti imenyooka, pamoja na wanaume wawili waliovaa sare zisizowatosha. Mbele yao alikuwa Bonge, tableti mkono mmoja na bunduki begani. Mwenzake aliyeitwa Mrefu alikuwa akimtoa Shemeji chumbani. Shemeji alikuwa amevaa kandambili, amekumbatia mfuko wa nguo. Miwani ilikuwa imekaa upande.

"Kijani," Bonge alikuwa akisema. "Sahihi ya Sindano, halali. Sawa, afande, mchukueni."

Risasi? Wenye silaha walikuwa watano, na Shemeji katikati. Kupiga kelele? Wangemzima kabla hajamaliza sentensi.

Fikiri, mwanamke. Fikiri!

Hotspot.

Kila alipokuja kukagua, Bonge alikuwa na ombi lile lile: "Dada, nirushie hotspot kidogo nione matokeo." Alimrushia mara nyingi mpaka tableti ikaizoea simu yake. Ikiikuta hewani hujiunga yenyewe, haiombi ruhusa ya mtu. Ikijiunga itaivuta orodha mpya. Lakini ilibidi simu iwe karibu, na hapa katikati kulikuwa na ukuta na mafriji ya chuma.

Akatoa Samsung yake, akawasha hotspot, akairudisha mfukoni. Akavua helmeti. Akainua mikono juu, akaingia langoni kwa miguu yake mwenyewe.

"Jamani, habari za kazi?"

Bunduki zikamgeukia. Kwa sekunde moja tabasamu la Tabasamu liliyumba, kisha likarudi mahali pake.

"Ndiye huyo," akasema kwa upole. "Yule wa bandia tuliyetangaziwa. Mrefu, mpige."

"Bonge, ni mimi," Sindano akasema, na akapiga hatua.

"Simama hapo!" Bonge alikuwa akitokwa jasho. "Sura siiamini. Sauti siiamini. Wewe... sijui ni wewe au si wewe, lakini ndivyo ulivyotufundisha!"

"Niliwafundisha vizuri." Hatua nyingine. "Siombi uniamini. Ihakiki tena sahihi aliyokuja nayo."

"Imeshahakikiwa," Tabasamu akasema.

"Mara moja nyingine inakugharimu nini, Bonge?"

"Mrefu! Nimesema mpige!"

Mrefu alikoki bunduki. Sauti ile ikamshuka Sindano hadi kwenye nyayo. Alitaka kukimbia. Mwili mzima ulimwambia kimbia, mjinga wewe, utakufa kwenye mafuta machafu kati ya mafriji. Akapiga hatua nyingine. Akamtazama Shemeji, na Shemeji akamtazama yeye, na machoni mwa Shemeji hakukuwa na shukrani hata chembe. Alimwogopa. Alikuwa ameonyeshwa jina la kazi la mdogo wa mkewe chini ya amri ya kumtoa, na sasa hakujua yupi kati ya hawa ndiye aliyekuja kumuua.

Hilo lilimuuma kuliko bunduki.

"Bonge," akasema, na sauti ikamvunjika, "mechi ya leo ni saa ngapi?"

"Eh?"

"Mechi."

"Usinichezee!"

"Nauliza tu, kaka yangu."

Tii!

Tableti ikalia mkononi mwa Bonge. Bonge akainamisha kichwa. Kijani kilikuwa kimeondoka. Kioo kizima kilikuwa chekundu, mwanga wake ukampanda hadi kidevuni.

"Batili," akasoma polepole. "Cheti kimefutwa leo." Akamtazama Tabasamu. "Afande?"

"Hitilafu ya mtandao. Tunachelewa, Bonge."

"Mtandao? Mimi data nimezima!" Akagonga gonga. "Ngoja. Kuna cheti kingine cha Sindano hapa, cha zamani. Nacho batili." Akamgeukia Sindano. "Na cha Mkuu. Batili! Hee! Wote nyie ni batili?"

"Wote," Sindano akakubali.

Bonge hakuwa mtu wa kufikiri sana, na siku ile Mungu ambariki kwa hilo. Akashusha bunduki kutoka begani.

"Basi wote laleni chini! Wote! Mrefu, lenga huyo wa suti!"

Sindano alikuwa wa kwanza kulala. Wale wa sare zisizowatosha wakatazamana, wakalala nao. Tabasamu hakulala. Uso wake ulibaki bila kile kitu cha siku zote, na Sindano akagundua kwamba hakuwahi kuuona mdomo ule ukiwa umefungwa. Kwa kasi ya paka Tabasamu akamvuta Shemeji, akamkaba, bastola ikatokea kutoka ndani ya suti na kutulia chini ya sikio.

"Wekeni silaha chini. Au huyu anakufa hapa hapa."

Shemeji akafungua mdomo kusema kitu. Badala yake macho yakageuka juu na miguu ikamwacha.

Alizirai.

Mtu mzima mwenye kitambi kizuri cha kukaa ndani na kula wiki nzima aliporomoka kama gunia la mahindi, na mkono wa Tabasamu ukabaki umeikaba hewa.

Sindano alifyatua akiwa bado kifudifudi. Hakuna aliyekumbuka kumpekua. Risasi ikampata Tabasamu begani, ikamsukuma hadi ndani ya friji moja isiyo na mlango, na pale akaketi, anaugulia, bastola ikiwa mbali naye. Mrefu akaikanyaga.

Injini ya Land Cruiser peke yake ndiyo iliyoendelea kuunguruma.

"Dada," Bonge akasema, mtutu ukiwa bado umemwelekea, "samahani, lakini wewe nawe baki umelala. Bado batili."

"Sawa, kaka."

Akabaki amelala hapo, shavu kwenye saruji. Machozi yakamtoka tena, na hakuyazuia.

Mama Vyeti alifika kwa teksi, mashine zake ndani ya mfuko wa sokoni, simu ikiwa sikioni. Akamsogezea Sindano simu pale pale chini.

"Mzee," Sindano akasema.

"Nimesikia." Sauti ya Mkuu ilikuwa ndogo. "Ghala tumelizingira, mitungi yote imo. Ile namba ya siri... macho yangu siku hizi, unajua... nilimpa anisaidie tu."

"Tulijua sote, Mzee. Tukacheka."

Akakata.

Mama Vyeti akaleta kiti kutoka karakana, akaweka kompyuta juu ya friji, akafuta vidole vya Sindano kwa leso maana vilijaa damu na vumbi. Hata hapo hakuruka utaratibu. Akauliza nani wanamjua mtu huyu.

"Mimi," Bonge akasema haraka, kwa aibu. "Namjua. Ndiye. Hotspot yake naijua."

Shahidi wa pili alikuwa amekaa chini, ameegemea gurudumu, anakunywa maji. Miwani ilikuwa imepasuka kioo kimoja.

"Baba, unamjua huyu?" Mama Vyeti akamuuliza.

Shemeji aliinua macho. Alimtazama Sindano juu hadi chini, na Sindano akahisi hofu iliyozidi ile ya bunduki, maana mtu huyu angeweza kusema hapana, akarudi kwa mkewe, na kesho hakimu akakaa na kiti kitupu mbele yake. Na angekuwa na haki.

"Namjua," Shemeji akasema hatimaye. "Ni mdogo wa mke wangu. Mwandikie cheti chake." Akameza maji. "Lakini shemeji, sahihi yako siitaki tena. Si leo, si kesho. Atakayekuja kunichukua kwenda mahakamani na karatasi, au tableti, au sijui nini, sitoki. Uje wewe."

"Siji kesho, shemeji. Nakaa na wewe tangu sasa."

Kadi mpya ikatoka kwenye mashine, bado ya moto. Sindano hakuichukua.

"Kaa nayo, Mama. Nitaifuata mahakama ikiisha."

Akampa Bonge helmeti amtunzie. Akafunga vifungo vya koti kufunika Glock, akampa Shemeji mkono, akamwinua. Wakatoka langoni wanatembea taratibu, hawageuki nyuma, wakampita Tabasamu aliyekuwa akifungwa bendeji na kutukanwa na Mrefu. Kwa aliyewatazama kutoka uani, mwanamke yule alikuwa ametulia mno, utadhani anatoka dukani.

Barabarani Shemeji akasimama.

"Shemeji, mkono wako unatetemeka."

"Naogopa."

"Wewe?"

"Tangu mchana."

Shemeji akaunyanyua ule mkono, akautazama kwa kioo kimoja kilichosalia, akaubana kwapani mwake kama mtu anayempasha mtoto joto.

"Basi twende," akasema. "Kesho nitamwambia hakimu yote."